Kupe, Ng'ombe na Mto: Kuisoma Tawasifu ya Wangari Maathai kutoka Magara

Wasomaji wengi wanaoitaja tawasifu ya Wangari Maathai huitaja kwa sababu ya ushujaa wake. Wanamkumbuka mwanamke aliyedhihakiwa bungeni, aliyepigwa, aliyetiwa kizuizini, na ambaye hakurudi nyuma. Sina ugomvi na usomaji huo, kwa kuwa mambo hayo yamo kitabuni na ni ya kweli. Lakini usomaji huo unamwacha nje mtu mmoja, naye ni mwanasayansi. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba mtafiti, mbunifu na raia ndani ya kitabu hiki ni mtu mmoja, na kwamba kinachowaunganisha ni mazoea ya kila siku ya kutazama na kuuliza. Nitaonyesha pia mahali ambapo kitabu chenyewe kinayasahau mazoea hayo. Mwisho nitaeleza kwa nini suala hili linatuhusu sisi wa Magara, tunaoishi kati ya vilima vya Mumirwa na Ziwa Tanganyika.

Nianze na jina la kitabu. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2006, miaka miwili baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, kikiitwa Unbowed, yaani yule ambaye hakuinamishwa. Mwaka 2007 ilitoka tafsiri ya Kifaransa iliyoitwa Celle qui plante les arbres, yaani mwanamke apandaye miti. Mimi nimekisoma kwa Kifaransa, kama ilivyo rahisi zaidi kwa mtu aliyesomea shule za Burundi. Majina haya mawili si kitu kimoja. La Kiingereza linatuambia tutazame mgongo wake, jinsi ulivyosimama wima mbele ya watawala. La Kifaransa linatuambia tutazame mikono yake. Hakuna hata moja linalotuambia tutazame macho yake, na kwa maoni yangu macho ndiyo yaliyoanza kazi yote.

Macho hayo tunakutana nayo katika sura ya kwanza. Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mti wa mugumo, na mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na ndani ya kijito mlikuwa na mayai ya chura yaliyofanana na shanga. Mtoto alijaribu kuyaokota ili ayavae shingoni, lakini kila alipoyagusa yalikatika. Baadaye aliwaona viluwiluwi wakiogelea mahali pale pale. Mwandishi mwingine angeiacha picha hii kama pambo la utoto. Yeye anairudia akiwa mtu mzima aliyesomea biolojia, na anaeleza kwamba mizizi mirefu ya mugumo hushika udongo wa mteremko na kuyapa maji njia ya kutoka juu ya ardhi. Mti ulipokatwa, kijito nacho kilikauka.

Jinsi anavyoisimulia habari hii inanipendeza kwa sababu hamgeuzi mama yake kuwa mwanasayansi, wala hamcheki kama mshirikina. Mama alijua katazo. Binti alikuja kujua sababu. Kati ya katazo na sababu pana miaka mingi ya masomo, na mwandishi haifichi miaka hiyo. Mwaka 1960 alikwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi za masomo. Alipata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964 na ya pili Pittsburgh mwaka 1966. Aliporudi Nairobi alinyimwa kazi aliyokuwa ameahidiwa katika idara ya zuolojia, na anaeleza wazi kwamba kabila na jinsia vilihusika. Hatimaye alipokelewa katika idara ya anatomia ya mifugo na profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, akaenda kusoma Giessen na Munich, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo.

Ukurasa ambao ningependa kila mwanafunzi ausome unakuja baada ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Maathai alikuwa akitafiti ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na kimelea anayeletwa na kupe, na ambao huwaua hasa ng'ombe wa kigeni na machotara. Kazi yake ilimtaka aende mashambani kukusanya kupe kutoka kwenye miili ya ng'ombe. Huko aliona mambo ambayo hayakuwamo katika swali lake. Mvua iliponyesha, mito ilishuka na rangi ya udongo. Ng'ombe walikuwa wamekonda hadi mbavu zikahesabika, kwa kuwa majani yalikuwa machache. Watu nao walionekana kukosa lishe. Alirudi Nairobi na kupe wake, lakini alirudi pia na shaka: huenda kitu kinachowamaliza ng'ombe hawa si kupe peke yao, bali ardhi yenyewe inayokwisha.

Tukumbuke mtafiti yule alikuwa katika nafasi gani. Alikuwa na mada iliyokubaliwa, maabara, na kazi ya kutetea katika chuo kilichokuwa na wanaume wengi mno. Njia salama ilikuwa kuhesabu kupe na kufumba macho kwa mengine. Badala yake aliliacha jicho litoke nje ya swali. Wakati huo huo alikuwa mwanachama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na huko aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na lishe. Mtafiti mmoja aliwaeleza kwamba katika eneo la kati la Kenya, lililohesabiwa kuwa na neema, watoto walikuwa wakiugua kwa kukosa lishe bora. Mashamba ya chakula yalikuwa yamegeuka mashamba ya chai na kahawa, na kina mama, kwa uhaba wa kuni, walipika vyakula laini vinavyoiva haraka. Maathai akaviweka pamoja vitu viwili: mto alioutazama na malalamiko aliyoyasikia. Vilikuwa habari moja iliyosimuliwa na mashahidi wawili. Huo ndio utafiti, hata kama hakuna aliyevaa koti jeupe.

Ubunifu wake umejificha katika sura ya sita. Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti saba Nairobi, na kazi hiyo ikakua kuwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Lakini kabla ya hapo alikwisha kuanzisha kampuni ya miche iliyoitwa Envirocare, ikashindwa. Naye haifichi habari hiyo, na anatuacha tuone kwamba wazo zuri linaweza kufa kwa kukosa maji na fedha. Kisha wanawake wakaanza kuotesha miche wenyewe. Maofisa wa misitu waliwafundisha kwa maneno magumu na kuamini kwamba kupanda miti kunahitaji diploma. Wanawake wakaweka maneno yale kando na kufanya kama wanavyofanya kwa mahindi na maharagwe: wakakusanya mbegu karibu nao, wakatumia vyungu vilivyovunjika na makopo, wakatazama mbegu ipi inaota na ipi haioti, kisha wakafundishana. Maathai aliwaita wanamisitu wasio na diploma. Jina hilo lina kicheko ndani yake, lakini lina pia hoja, kwa sababu kujaribu, kutazama matokeo na kumfundisha jirani ni kazi ya maabara, iliyofanyika uani.

Kipo kipengele kimoja kidogo ambacho wahakiki wengi hukipita. Malipo madogo waliyopewa wanawake hayakuwa ya miche iliyopandwa. Yalikuwa ya miche iliyobaki hai. Mtu aliyezoea kuandika matokeo anajua tofauti iliyopo hapo. Ukilipia kupanda, utapata mashimo mengi na picha nyingi. Ukilipia kuishi, utapata mtu anayerudi na maji wakati wa kiangazi. Kanuni hiyo ni ya utafiti na ni ya siasa pia, kwa maana inakataa kuridhika na siku ya sherehe.

Maisha yake ya hadhara nayo nayasoma hivyo hivyo. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliwaandikia wakubwa wa ndani na wa nje akiuliza: mradi huu ni wa nani, utagharimu nini, na wananchi wasio na bustani nyingine watapumzika wapi? Wabunge walimcheka na vuguvugu lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali, lakini wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipojeruhiwa kichwani katika msitu wa Karura, swali lilikuwa lile lile: ardhi hii ya umma imegawiwa kwa akina nani? Wanaosema kwamba aliiacha sayansi akaingia siasa hawakuliona swali hilo. Alibadilisha mahali pa kuuliza, na gharama yake aliijua. Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea kwa hoja ya kisheria kuhusu kujiandikisha kupiga kura, na alipotaka kurudi kazini akakuta nafasi yake imekwisha kupewa mtu mwingine. Katika muda mfupi alibaki bila mshahara na bila nyumba.

Hadi hapa nimekisifu kitabu. Sasa niseme kinapopungua.

Kwanza, baada ya sura ya sita maabara inatoweka. Kupe wamepewa nafasi ndogo sana, na baada ya hapo hawaonekani tena. Tunapata kurasa nyingi za mahakama, polisi na mikutano, lakini mwandishi hatuketishi tena naye mezani mbele ya hadubini. Msomaji kijana anaweza kudhani kwamba sayansi ilikuwa ngazi ya kupandia, na ngazi huachwa mtu akishafika juu. Hoja ya kitabu inasema kinyume, ila uwiano wa kurasa unaipinga hoja hiyo.

Pili, wanawake wa vijijini, ambao ni watafiti wenzake, mara nyingi wanazungumza kama kundi. Tunaambiwa walivyotazama na walivyobuni, lakini ni nadra kumwona mmoja wao akifikiri mbele yetu, akikosea, akijaribu tena. Tawasifu ni utanzu wa mtu mmoja, na tatizo hili ni la utanzu kama lilivyo la mwandishi. Hata hivyo, mwandishi anayedai kwamba maarifa yalikuwa ya wengi alipaswa kuwapa wengi hao sura na sauti.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kitabu kinaelekea kulipa kila swali jibu moja. Njaa inaishia kwenye mti, vita vya ardhi vinaishia kwenye mti, udikteta nao unaishia kwenye mti. Kama ishara, mti unafanya kazi hiyo vizuri. Kama jibu, unahitaji kupimwa kila mahali upya. Yule mtafiti aliyewaacha kupe kwa kuwa hawakutosha kueleza wembamba wa ng'ombe angepaswa kuuhoji mti kwa ukali ule ule.

Kasoro hii ya tatu naiona vizuri zaidi nikiwa Magara. Nyuma yetu vilima vya Mumirwa vinapanda kwa ghafla, vimelimwa mihogo na migomba hadi karibu na kilele, na michikichi imejaa chini katika tambarare ya Imbo. Mvua kubwa ikinyesha, mito inashuka myekundu, na mahali inapoingia ziwani maji hubadilika rangi. Msomaji wa Maathai akiyaona hayo atasema mara moja: huu ni mto wake, hawa ni ng'ombe wake. Na kwa upande mmoja atakuwa sahihi. Mwaka 1993 Andrew Cohen, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za Ziwa Tanganyika ambazo vilima vyake vimevuliwa miti na sehemu ambazo bado zina mimea. Walihesabu, pamoja na viumbe wengine, vijidudu wadogo wenye magamba mawili wanaoishi chini ya maji. Palipokuwa na tope jingi, kama fukwe za kaskazini ambako Burundi ipo, aina za viumbe zilikuwa chache zaidi. Sababu yake inaeleweka. Tope hufunika mawe na kuzuia mwanga, na juu ya mawe hayo ndiko wanakolisha na kuzaliana samaki wa miambani, ambao ziwa hili lina aina nyingi, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani.

Lakini tungeishia hapo tungekuwa tumeusoma mto nusu. Mvuvi wa Magara hali kwa samaki wa miambani. Anakula na kuuza ndagala na mukeke, wanaoishi mbali na ufuko katika maji ya wazi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliosema kwamba ziwa limepata joto na pepo zimepungua, na kwa hiyo maji ya chini yenye virutubisho hayapandi juu kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani, ambao ni chakula cha mwanzo cha ziwa, umepungua kwa karibu asilimia 20. Hapo huwezi kusema panda mti na ndagala watarudi. Mti utausaidia mteremko, kisima na samaki wa mawe. Joto la ziwa zima linatoka mbali kuliko Mumirwa, na nyavu nyingi mno ni swali la tatu. Mtu anayewaambia wavuvi kwamba mche mmoja utayajibu yote matatu anawadanganya, hata kama nia yake ni njema.

Je, hili linamwondoa Maathai Magara? La. Linatutaka tumfuate katika kile alichokifanya kabla ya kupata jibu. Wavuvi wetu wanajua kwamba mbalamwezi ikikamilika hakuna faida ya kuwasha taa, kwa kuwa ndagala hawazifuati. Kina mama wanaouza samaki wanajua mwezi gani ndagala huja wadogo. Mkulima wa kilimani anajua shamba lipi limeanza kutoa mawe. Kila mmoja ana kipande cha ushahidi, kama wale wanawake wa Baraza, na hakuna anayeviweka vipande hivyo mezani pamoja. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kupima joto la maji, na inahitaji pia mtu wa kusikiliza na kuandika kwa lugha ambayo mvuvi wa Rumonge na mchuuzi wa Kigoma wanaielewa wote. Ndiyo maana simkubalii anayetuambia sisi wanafunzi wa lugha kwamba sayansi ni ya sehemu nyingine ya shule.

Na kanuni yake ya kulipia uhai wa mche inatufaa moja kwa moja. Mwaka 2018 Burundi ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, ikiitaka nchi ivae tena vazi lake la kijani. Jina ni zuri. Swali la mtafiti ni fupi na halina dharau: kati ya miche iliyopandwa juu ya vilima vyetu, mingapi ina majani leo? Mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kulijibu kwa daftari na kalamu, kilima kimoja kwa kimoja, na kulirudia mwaka unaofuata. Hawahitaji diploma kuanza.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kitabu hiki ina pande mbili. Sehemu yake bora ni ile inayotoka kwenye kupe hadi kwenye vyungu vilivyovunjika, kwa sababu pale tunamwona mtu akifikiri. Sehemu yake dhaifu ni ile ya mwisho, ambapo matukio ya siasa yanafuatana na jibu limekwisha kujulikana kabla ya swali. Ningemshauri mwanafunzi asisome kwanza habari za Nobel. Afungue ukurasa wa mashambani, mahali mtafiti anapokusanya kupe na mto unapita kando yake ukiwa na rangi ya udongo, kisha ajiulize ni kitu gani kinachopita kando ya swali lake mwenyewe kila siku bila yeye kukitazama.